Shujaa yawalaza vigogo wa raga kwingineko, Olimpiki yaambulia nafasi ya tisa

RAGA ya wachezaji saba kila upande iliingia katika Michezo ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 2016, miaka 92 baada ya raga ya wachezaji 15 kuchezwa Olimpiki kwa mara ya mwisho jijini Paris. Kufikia mwaka 2024 mashindano ya wanaume yalikuwa yamefanyika mara tatu. Timu ya Kenya, Shujaa, haikukosa hata moja. Wala haikutinga robo-fainali hata mara moja.

Kwa shabiki wa Tezo, kaunti ya Kilifi, ambako kandanda ndiyo yenye mashabiki tele, mchezo huu huonekana kama mbio zilizotiwa mpira. Kila kipindi huchukua dakika saba. Trai ina pointi tano, na mkwaju unaofuata huongeza mbili. Katika muda mfupi hivyo, kosa moja la kumkaba mpinzani laweza kuzima ndoto ya miaka minne.

Olimpiki hushirikisha timu 12 katika makundi matatu. Mbili za kwanza za kila kundi huingia robo-fainali, pamoja na mbili bora kati ya zilizomaliza katika nafasi ya tatu. Ni mlango mpana kiasi. Timu nne tu ndizo huachwa nje. Hapo ndipo Kenya ilipokwama mara zote tatu.

Ajabu ni kwamba waliopanda jukwaani kuvishwa nishani ni watu ambao Shujaa walikuwa wamewahi kuwanyamazisha. Mnamo Aprili 2016, vijana wa kocha Benjamin Ayimba waliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, taji la kwanza la Kenya katika Raga ya Dunia. Miezi minne baadaye Fiji hiyohiyo iliilima Uingereza 43-7 jijini Rio na kutwaa dhahabu, nishani ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya visiwa hivyo. Kenya, iliyokuwa na Collins Injera na nahodha Andrew Amonde, ilipoteza mechi zote za makundi na kumaliza ya 11 baada ya kuichapa Brazil 24-0. Ayimba aliaga dunia Mei 2021.

Makala ya Tokyo, yaliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya janga la korona, ndiyo yaliyouma zaidi. Shujaa walilazwa na Marekani 19-14, Afrika Kusini 14-5 na Ireland 12-7. Hakuna mechi waliyozidiwa kwa zaidi ya pointi tisa. Kisha, mlango ulipokwisha kufungwa, wakaibwaga Japan 21-7 na kuilipua Ireland 22-0 kutwaa nafasi ya tisa. Fiji ilihifadhi dhahabu kwa kuishinda New Zealand 27-12.

Mwaka 2023 Kenya ilishushwa ngazi kutoka Raga ya Dunia baada ya kulemewa na Canada 12-7 jijini London. Wengi waliikatia tamaa. Lakini Septemba mwaka huohuo, chini ya kocha Kevin Wambua, iliichapa Afrika Kusini 17-12 jijini Harare na kunyakua tiketi ya Afrika ya kwenda Paris. Waafrika Kusini walilazimika kupitia mchujo wa mwisho jijini Monaco, wakafika Paris na kuondoka na shaba. Dhahabu ilibaki kwa wenyeji Ufaransa, waliovunja utawala wa Fiji kwa ushindi wa 28-7, huku Antoine Dupont akifunga trai mbili.

Shujaa, ambao wiki chache awali walikuwa wamerejea katika Raga ya Dunia kwa kuishinda Ujerumani jijini Madrid, walipigwa na Argentina 31-12, Australia 21-7 na Samoa 26-0. Waliinuka tena wakiwa wamechelewa. Waliilaza Uruguay 19-14, kisha wakatwaa nafasi ya tisa kwa kuifunga 10-5 Samoa ileile iliyokuwa imewanyima hata pointi moja katika makundi.