Kupika kambini Masisi na Walikale: kazi ya kupunguza na kazi ya kutogusa

Kwa mama aliyekimbia na watoto na sufuria moja, swali la jioni si tu "tutakula nini?" Kuna lingine: chakula hicho kitakula kuni ngapi? Maharagi yanaweza kupatikana kwa msaada ama kwa kulima shamba la mtu, lakini moto wa kuyaivisha ni shida ingine. Njo maana kambini wamama wengi wanapima chakula kwa kuni, hawapimi kwa kilo.

Hesabu hiyo si mchezo. Mwaka 2023 Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilisaidia kutibu zaidi ya watu 25,000 waliobakwa ao kufanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo. Sehemu kubwa ilikuwa Kivu Kaskazini, hasa kwenye kambi za kandokando ya Goma, ambamo walikuwa wahami wengi wa Masisi. Wengi walishambuliwa walipoenda kutafuta kuni, maji ao chakula. Kwa hiyo kila kifungu cha kuni kinachobakia ni safari moja ya pori iliyopunguka.

Maharagi ndiyo yanakula kuni kuliko vyote. Makavu, bila kulowekwa, yanaweza kukaa motoni saa mbili ao tatu, na yale ya zamani hata zaidi. Huko juu Masisi kuna sababu ingine ambayo watu wanaiona bila kuijua: kwenye vilima vya metre 2,000, maji yanachemka kwenye digrii karibu 93 tu, si 100. Yanatokota, ndiyo, lakini joto ni dogo, na maharagi yanachelewa. Chini Walikale, msituni, maji yanachemka kwa joto kubwa zaidi na chungu kinaiva mapema.

Dawa ya kwanza haina bei: kuyaloweka usiku kucha, asubuhi kumwaga yale maji na kupikia mengine. Kisha kifuniko juu ya sufuria, kuni zilizokauka na kupasuliwa ndogo, na mawe ao udongo wa kukinga upepo. Kuna pia njia ya kufunika: maharagi yaliyolowekwa yakichemka kwa nguvu nusu saa, sufuria inatolewa motoni ikiwa bado imefunikwa, inazungushiwa majani makavu ya ndizi na blanketi, inaachwa saa kadhaa. Yanaendelea kuiva yenyewe, na baadaye moto kidogo tu unayamaliza. (Blanketi irudi mbele ya usiku, baridi ya Masisi haina huruma.) Lakini ile nusu saa ya kuchemka isikatwe. Maharagi nusu mbichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.

Familia mbili kupika chungu kimoja inasaidia pia, ijapokuwa ugomvi wa kugawa hautakosa. Kwenye machimbo watu walishamaliza swali hili kwa njia yao. Kule Bisie, zamani za kuchimba kwa mikono, chakula kilipandishwa kwa mgongo kutoka Njingala kupitia pori, na mchimbaji aliyetoka shimoni alinunua bugali tayari kwa mama mpishi. Ilikuwa bei kali, lakini moto mmoja ulilisha wengi.

Muhogo mchungu ni habari ingine kabisa. Hapo kazi haipunguzwi. Muhogo huo una sumu, na kuuloweka siku tatu ao nne mpaka ulainike, kisha kuuanika, ndiyo kazi inayoitoa. Mtu mwenye njaa ama mwenye haraka ya kukimbia anafupisha hizo siku, na bugali inaonekana sawasawa. Akiila hivyo kwa wiki nyingi, bila maharagi, samaki ama nyama, anaweza kupata konzo: miguu inakazana ghafla, na haiponi tena. Ugonjwa huo daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938 huko Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unapiga zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa hiyo ile sahani ya maharagi inayokula kuni inakinga miguu pia.

Sombe vilevile: itwangwe vizuri na ichemke kabisa, hata kama lengalenga ingeiva haraka zaidi.

Na kama siku tatu hazipo? Machi 2025, M23 walipoingia Walikale-centre, mwenye muhogo ndani ya maji aliuacha hapo. Kwa unga wa muhogo usiolowekwa vizuri kuna njia iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia, na iliyofundishwa kwa wamama wa vijiji vya magharibi mwa Kongo vilivyopigwa na konzo. Unga unachanganywa na maji mpaka ulowane wote, unatandazwa juu ya bashi ama kitambaa safi, unene usipite sentimetre moja, na kuachwa saa mbili kwenye jua ama saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Haiombi hata kijiti kimoja cha kuni. Unga huo upikwe bugali siku ileile, kwa sababu ukilala na maji unaharibika.