Tairi la baridi: chale, njumu na nyuzi 7

Wafaransa wana majina mawili ya tairi moja. Mtaani watu husema pneu neige, tairi la theluji. Serikali na wauzaji hupendelea pneu hiver, tairi la majira ya baridi. Kiswahili nacho kimefika kwenye njia panda hiyohiyo, maana wasemaji wake sasa wanaendesha magari Minneapolis, Toronto na Helsinki. Wengi huko hukata mzizi wa fitina kwa kusema “tairi za winta”, basi.

“Tairi la theluji” ndilo linalokuja haraka mdomoni, na ndilo linalopotosha. Humfanya mtu asubiri theluji ianguke ndipo aende kwa fundi, ilhali kazi ya tairi hili huanza mapema, lami ikiwa bado kavu. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa joto linaposhuka. Watengenezaji huchukua nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka, ingawa si mstari uliopigwa kwa rula. Lile la majira ya baridi limechanganywa silika nyingi na mpira wa asili ili libaki laini hata chini ya sifuri. Anayelibonyeza kwa ukucha dukani huihisi tofauti papo hapo. Kwa kuwa siri iko kwenye mpira wenyewe, “tairi la baridi” ni jina linalolifaa zaidi. Wajerumani, ambao hukariri kwamba msimu wake ni Oktoba hadi Pasaka, nao huliita Winterreifen. “Tairi la kipupwe” lingependeza masikioni, ila kipupwe cha pwani ni Juni hadi Agosti, wakati Wafini wanaogelea ziwani.

Kashata za tairi hili, yaani yale mapande ya mpira yanayokanyaga barabara, zimekatwakatwa kwa mistari myembamba ya wembe, mamia kwa mamia. Neno la kuiita mistari hiyo lipo tayari: chale. Mganga huchanja ngozi. Hapa imechanjwa kashata. Mmarekani John Sipe alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1923, na Kiingereza kikazibatiza chale hizo kwa jina lake. Gurudumu likikanyaga, chale hufunguka na kila ukingo wake huuma. Mifereji mipana iliyo kati ya kashata ina kazi nyingine: hujaza na kushindilia theluji ndani yake, kwa kuwa theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira.

Barafu ni mtihani mwingine kabisa. Huteleza zaidi karibu na sifuri, pale utando mwembamba wa maji unapotanda juu yake. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hukauka na kushikika vizuri zaidi. Jibu la kale la Wafini ni nastarengas, tairi lililopachikwa misumari mifupi ya chuma kigumu. “Tairi la misumari” linaleta picha ya pancha, kwa hiyo heri kuazima neno la uwanja wa mpira: njumu. Tairi la njumu huishika barafu yenye majimaji kuliko lolote lingine, lakini huchimba lami na kutimua vumbi linaloingia mapafuni mwa watu. Ujerumani ililipiga marufuku mwaka 1975, Stockholm ikaliondoa kwenye mtaa wa Hornsgatan mwaka 2010, na Japani ilitunga sheria ya kulizuia mwaka 1990.

Huko Japani mbadala ulikuwa umeshapatikana. Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, tairi ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno vya kuufyonza ule utando wa maji. Matairi ya aina hiyo huandikwa ubavuni STUDLESS, yaani hayana njumu, na neno hilo limesafiri hadi Mombasa na Dar es Salaam, kwani baadhi ya magari ya mtumba hushuka bandarini yakiwa bado nayo. Mnunuzi huona kashata nene akafurahi. Kwenye lami ya joto, mpira ule laini huisha upesi na breki hukawia kushika. Ni afadhali kuyabadilisha mapema.

Kwa anayenunua ughaibuni, alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake: tairi limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M+S ni ahadi tu ya mtengenezaji kuhusu kashata, na tangu Oktoba 2024 Ujerumani haizikubali peke yake pale sheria inapodai tairi la baridi. Tatizo ni kwamba mlima ule hausemi lolote kuhusu barafu. Mkazi wa Oulu atafute tairi la njumu au lile ambalo Wafini huliita kitkarengas, tairi la msuguano, lililo laini kupita mengine. Lebo ya Umoja wa Ulaya tangu 2021 ina alama ya barafu kwa ajili hiyo. Mkazi wa Köln, penye mvua ya baridi nyingi kuliko theluji, aliache hilo la msuguano, kwa sababu kwenye lami iliyolowa breki zake ni dhaifu.

Yafungwe yote manne. Yakifungwa mawili ya mbele tu, nyuma huteleza na gari likageuka dereva akikanyaga breki kwenye kona. Kuhusu kina cha kashata, sheria ya Ujerumani huridhika na milimita 1.6, Finland inataka 3, na chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kinashauri 4. Kwa matairi ya mtumba, tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019, na muuzaji anayeapa kwamba tairi ni la mwaka jana asomewe namba hizo kwa sauti.