Kiti Baridi, Ngozi Moto

Keti kwenye kiti cha ngozi saa nane mchana, gari likiwa limeshinda juani, na utaelewa mbio kwa nini kuna mtu aliwaza kuficha feni ndani ya kiti. AC inakupuliza uso na kifua, sawa, lakini mgongo umebanwa kwenye ngozi. Hewa haifiki huko na jasho halina pa kwenda. Lakini kwani ngozi yenyewe iliingiaje garini?

Mwanzoni ngozi haikuwa ya bosi. Katika magari ya matajiri wa Ulaya na Marekani, mapema karne ya 20, mara nyingi dereva wa kuajiriwa aliketi mbele bila paa, akinyeshewa na kuchomwa na jua. Alipewa ngozi kwa sababu ngozi huvumilia maji. Tajiri alikaa nyuma, ndani, juu ya kitambaa laini kinachopitisha hewa. Baadaye mwenye gari akashika usukani mwenyewe, ngozi ikawa dalili ya pesa, na kitambaa kikaachiwa magari ya bei nafuu. Heshima ilipanda, na jasho likapanda nayo.

Kampuni ya Packard iliuza kiyoyozi katika magari yake ya toleo la 1940. Mtambo ulimeza karibu nusu ya buti, na kuuzima kabisa ilibidi usimame, ufungue boneti, uvue mkanda. Viyoyozi vikaboreka, lakini mgongo ukabaki pale pale. Mwaka 1997 Saab wa Uswidi, ndiyo, nchi ya theluji, walizindua 9-5, gari ambalo ungeweza kuliagiza likiwa na feni ndani ya viti, zinazovuta hewa kupitia matundu ya ngozi. Kisha Lincoln Navigator ya 2000 ikaja na vibamba vya umeme vinavyofuata ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa 1834: pitisha umeme pale metali mbili tofauti zinapokutana, upande mmoja unapoa, wa pili unapata moto. Yaani joto haliishi, linahamishwa tu.

Raha ipo, tusidanganyane. Ukitoka Nairobi hadi Mombasa unashuka na shati kavu. Shida ni kwamba viti vingi vinavyoitwa vya baridi vina feni peke yake. Gari likiwa tanuri, feni inasambaza hewa ya tanuri. Matundu nayo hula vumbi, makombo na soda iliyomwagika. Feni ikianza kupiga kelele, fundi hana budi kung'oa kiti kizima.

Kwetu hilo ni jambo zito. Sheria inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane, kwa hivyo kiti kinaweza kufika bandarini kikiwa kimevuta vumbi la watu wengine miaka saba. Spea utaisaka Kirinyaga Road, na bei utaambiwa ukiwa umeketi.

Wakati huo dereva wa teksi ametandika kifuniko cha shanga za mbao. Hewa inapita kati ya mgongo na kiti, bila waya, bila swichi, na zikikatika anazitunga upya. Kwa hivyo ukienda kununua gari, washa feni ya kiti kabla ya kulipa, iache dakika kumi, usikilize. Halafu uliza kama wana lile la kitambaa.