Sumu ya Baringo na dawa inayochelewa njiani

Mwaka 1960, huko Olduvai, Tanganyika, kijana Jonathan Leakey aligundua mabaki ya mtu wa kale ambaye baadaye wataalamu walimwita Homo habilis. Badala ya kuwafuata wazazi wake, Louis na Mary, katika uchimbuaji, alihamia kando ya Ziwa Baringo, akafuga nyoka na kukamua sumu yao kwa ajili ya kuuza. Wafugaji wa huko waliijua sumu hiyo kwa namna nyingine: kwa miguu ya watoto wao.

Mkosaji mkubwa ni bafe, ambaye wengine humwita moma. Ni mnene, hakimbii akisikia hatua za mtu, kwa hiyo hukanyagwa. Sumu yake huua nyama. Mguu huvimba, hutoka malengelenge, ngozi hugeuka nyeusi, kisha bakteria huvamia nyama iliyokufa na uozo kupanda. Kamba inayofungwa juu ya jeraha huzidisha madhara, maana huibana sumu mahali pamoja na kuinyima nyama damu. Simlaumu mzazi anayeifunga. Ndivyo vizazi kadhaa vilivyofundishwa.

Dawa ya sumu ya nyoka si ngeni. Mwaka 1894, Albert Calmette, na vilevile Phisalix na Bertrand waliofanya kazi bila kushirikiana naye, walitangaza Paris kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu humkinga mnyama mwingine. Calmette aliamini seramu yake ya swila ingefaa kwa nyoka wote. Vital Brazil, wa São Paulo, akathibitisha kuwa kila sumu hudai dawa yake. Zaidi ya karne imepita, na bado Afrika imeuziwa dawa zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Asia. Ile iliyotufaa, Fav-Afrique, kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda mwaka 2016. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likaingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Dawa hiyo huizuia sumu iliyo mwilini, lakini nyama iliyokwisha kufa haiwezi kuifufua. Anayechelewa huangukia mikononi mwa daktari wa upasuaji, Kabarnet au Nakuru: nyama iliyooza hukatwa, kidonda husafishwa tena na tena, ngozi hupandikizwa. Wengine hupoteza mguu mzima.

Kenya ingali inaagiza dawa hii kutoka nje, ingawa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Nairobi, wanashughulikia ile itakayofaa dhidi ya sumu za nyoka wetu. Ikipatikana, chupa za kwanza zipelekwe Chemolingot na Marigat kabla ya Nakuru, kwa sababu mguu wa mchungaji wa Tiaty huharibika akiwa bado juu ya bodaboda.