Mlokole ni nani hasa?



Juzi baada ya kazi tulikuwa watu watano mezani, mahali pa nyama choma. Mwenzetu mmoja akaagiza soda. Basi ikawa kelele: "Aah, huyu siku hizi mlokole!" Jamaa akacheka, akakubali. Ndipo mwingine, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza: "Mlokole gani anasaini posho ya siku tano kwa safari ya siku tatu?"

Kimya. Soda ile ilinyweka kwa taabu.

Swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu neno lenyewe lina historia ambayo wengi wa rika letu hatuijui. Mjini leo mlokole ni mtu asiyekunywa pombe, anayepokea simu kwa "Bwana asifiwe", na kama ni dada basi sketi ndefu. Yaani ni orodha ya vitu vinavyoonekana kwa macho. Ajabu ni kwamba wale wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa watu waliochoshwa na dini ya orodha.

Twende Uganda. Neno ni la Kiganda, abalokole, maana yake waliookoka. Kufikia miaka ya 1920 Ukristo pale haukuwa tena jambo la kuhatarisha uhai. Vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 walishakuwa habari ya kusimuliwa. Vita vya dini vya Buganda vilikuwa vimekwisha, na Mkataba wa 1900 ukatenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wenye mashamba wapatao 1,000. Vyeo vya uchifu vikaenda kwa mafungu ya madhehebu. Jina la ubatizo likawa kama cheti cha kuombea kazi. Sisemi wote walikuwa wanafiki. Nasema tu kwamba mfumo uliwalipa watu kwa kuonekana Wakristo, nao wakaonekana.

Sasa sogea Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali. Daktari alikuwa kijana wa Kiingereza, Joe Church. Njaa kubwa ya 1928 na 1929 ilimwacha hoi, na Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi aliyewahi kufanya kazi idara ya afya ya serikali. Wakakaa siku mbili na Biblia zao. Jaribuni kuwaza: Uganda ya ukoloni, mzungu mmisionari na Mwafrika wamekaa sawa kwa sawa, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba dini anayo, lakini kuna kitu hana.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini. Hospitali ilikuwa na uvivu, wizi na manung'uniko. Kinuka akafika Kampala kwa Nsibambi na kumwaga malalamiko yake yote. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamrudishia mzigo: hospitali iko vile kwa sababu ya dhambi iliyo moyoni mwako wewe, na walio chini yako wanakufuata. Kinuka alikuja kuwashtaki wengine, akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Baadaye akawa mchungaji.

Desemba 1933, kwenye mkutano wa Biblia hapo hapo Gahini, watu wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine na kutubu kwa sauti. Na hapa ndipo pa kuzingatia. Haikuishia kwenye machozi. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Watu waliokuwa na chuki wakaombana radhi uso kwa uso. Wamisionari wakawaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao, jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala wa ukoloni. Kwa Walokole, toba isiyomgharimu mtu chochote ilikuwa na walakini.

Wakubwa wa kanisa walifurahi? Baadhi. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu pale Gahini, alijiandaa kuiuliza sinodi ya Uganda mbona kanisa limepoa, na mbona watu wanaoishi katika dhambi inayojulikana na kila mtu wanaruhusiwa kwenye Meza ya Bwana. Homa ikamwua Januari 1936 kabla hajaifikia. Neno lake, Zukuka, yaani amka, likawa neno la mikutano ya uamsho mwaka ule. Mwaka 1941 chuo cha uchungaji cha Mukono kikawafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo. Walikuwa wanaamka alfajiri kusali na kuhubiri kinyume cha amri ya mkuu wa chuo, na walikuwa wanasema wazi kuhusu wizi na uzinzi chuoni. Nadhani nao walikuwa na ubishi wa ujana. Lakini chuo cha wachungaji kufukuza watu kwa kusali mno!

Moto ukavuka mipaka. Ulifika Kenya, na ukafika kwetu Bukoba. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977, alikuwa zao la uamsho huu. Kenya ndiko walikopimwa vibaya. Wakati wa Mau Mau, kuanzia 1952, Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Baadhi waliuawa. Unaweza kubishana na siasa yao, mimi mwenyewe nabishana nayo, ila huwezi kusema walikuwa wanaigiza.

Halafu? Halafu orodha ikarudi. Ushuhuda ukapata mtindo wake, machozi yakapata mahali pake, na kukawa na namna "sahihi" ya kutubu. Miaka ya 1970 ndugu wa Uganda waligawanyika, kundi la Waliozukuka likiwahukumu wenzao kwa mambo kama kukopa pesa na mavazi.

Na Rwanda yenyewe ilikuwa imefuata njia nyingine sambamba. Wabelgiji walimwondoa Mfalme Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe Rudahigwa, na ubatizo ukawa mlango wa madaraka. Makundi yakamiminika makanisani. Rudahigwa akabatizwa 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima wakfu kwa Kristo Mfalme. Nchi nzima! Kufikia sensa ya 1991, karibu Wanyarwanda tisa kati ya kumi walijihesabu Wakristo. Mnajua kilichofuata mwaka 1994. Nyamata na Ntarama watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na wauaji wengi walibatizwa kama wao. Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya waumini, na mahakama ya Arusha ikamfunga padri wa parokia maisha.

Gahini ilikuwa ndani ya nchi hiyo hiyo, miaka 60 tu baada ya mkutano ule. Sijui niseme nini hapo. Najua kwamba wapo waliokataa, kama Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza timu ya African Enterprise na kuhubiri upatanisho, ambaye aliuawa mwanzoni kabisa mwa mauaji.

Jana nilimsimulia yote haya yule jamaa wa soda. Akasikiliza hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, risiti zangu za safari ya Dodoma zilikuwaje.