Mapigo Yaliyoipima Sauti

Mwanafunzi wa sekondari hupewa sauti mbili, moja ya mitetemo 256 kwa sekunde na nyingine 260, aambiwe atafute mapigo, yaani kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti zinapolia pamoja. Anatoa, anapata manne, swali limekwisha. Jibu ni sahihi, lakini historia ilianza upande wa pili: waliohesabu mapigo kwanza hawakuijua idadi ya mitetemo, nayo ndiyo waliyokuwa wakiisaka. Hakuna sikio linaloweza kuhesabu mitetemo mia kwa sekunde, ila mapigo manne huhesabika. Joseph Sauveur, mwanahisabati wa Paris, aliliona hilo mnamo 1700. Alitumia mabomba mawili ya kinanda yaliyopatanishwa kwa uwiano wa 24 kwa 25. Yalipopulizwa pamoja, yalitoa mapigo manne kila sekunde. Tofauti ya mabomba hayo ni fungu moja, na fungu hilo ni mitetemo minne. Basi la kwanza lina mitetemo 96, la pili 100. Newton mwenyewe aliyatumia matokeo ya Sauveur katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake, Principia.

Yapo ya kupinga. Mwanazuoni Mfaransa Mersenne alikwisha kuhesabu mitetemo ya nyuzi kabla ya 1640. Kweli, na kazi yake ni kubwa; lakini alihesabu nyuzi ndefu zilizotikisika taratibu mbele ya macho, kisha akazikadiria fupi kwa kanuni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tofauti peke yake haitoshi: 96 na 100 hutoa mapigo manne, na 496 na 500 vilevile. Sauveur aliuhitaji ule uwiano, na kwa kuwa hakuwa na sikio la muziki, aliwategemea wanamuziki. Aliyelimaliza tatizo ni Johann Heinrich Scheibler, mfanyabiashara wa hariri wa Krefeld, Ujerumani. Alipanga uma za sauti 56, kila mmoja ukitoa mapigo manne kwa sekunde pamoja na jirani yake, hadi wa mwisho ukawa oktava ya wa kwanza. Nafasi 55 mara 4 ni 220. Na kwa kuwa oktava ni maradufu, tofauti hiyo ndiyo idadi ya uma wa kwanza wenyewe. Wa mwisho ni 440, kipimo alichokipendekeza huko Stuttgart mwaka 1834.

Kwa hiyo swali la darasani lingefaa kuanza na uma mmoja unaojulikana na mwingine usiojulikana. Mapigo manne dhidi ya 256 yanaweza kumaanisha 252 au 260. Ubandike nta kidogo uma usiojulikana, upunguze mwendo: mapigo yakiongezeka ni 252, yakipungua ni 260.