Chuo kilichofuata njia ya Kilwa hadi Ziwa Nyasa

Wengi wanaosimulia historia ya elimu ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa huanza na wamisionari: Wabenediktini waliofungua kituo Peramiho mwaka 1898, na Waanglikana wa UMCA waliokaa kisiwani Likoma tangu katikati ya miaka ya 1880, akiwemo William Percival Johnson aliyezunguka vijiji vya ziwani mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Heshima hiyo wanaistahili. Lakini kalamu ilikwisha kufika ziwani kabla yao, kwa njia ya misafara ya Kilwa. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, wa kwanza wa wale waliojulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga makao yake Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa. Upande huu wa mashariki, watawala wa Kiyao kama Makanjila na Mataka wakawa na walimu wa kuwafundisha dini na kuwaandikia barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alipomkatalia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, utii, alimkatalia kwa barua ya Kiswahili. Elimu ya namna hiyo ilibeba wazo ambalo shule zetu, kuanzia Tingi hadi Lituhi, zinalihitaji sana leo: kwamba mtu hajajua jambo mpaka aweze kulieleza na kulitetea mbele ya aliyemfundisha.

Tazama darsa ilivyokuwa, na katika misikiti mingi ingali hivyo. Mwanafunzi ameketi chini, kitabu mkononi, tuseme Minhaji, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi. Anasoma sentensi kwa sauti. Akikosea irabu moja, sheikh anamsimamisha, kwa sababu katika Kiarabu irabu hiyo huweza kumgeuza mtendaji akawa mtendwa. Akisoma sawasawa anaulizwa maana, kisha mwenzake aliye kando anaulizwa kama amekubali. Kitabu kikimalizika, na sheikh akaridhika, hutoa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu hicho, ikiambatana na majina ya walimu waliokipokea mmoja kwa mmoja. Ndivyo Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alivyosoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait kabla ya kuwa mwalimu mashuhuri wa Ukutani, Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Anayetoa ijaza huweka jina lake rehani. Mwanafunzi akija kupotosha, lawama humrudia mwalimu.

Utaratibu huo ulikuwa na nadharia nyuma yake. Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, aliufanya ujuzi kuwa kitabu cha kwanza cha Ihya yake, na humo akamtaka mwalimu amtazame mwanafunzi kama mwanawe na asimpe asichoweza kukifahamu. Zarnuji, aliyeandika miaka kama 100 baadaye, alishauri somo la mwanzo liwe dogo kiasi cha kushikika kwa kurudiwa mara mbili, na akayaweka majadiliano juu ya marudio matupu. Mbinga ina ushahidi wake kwamba ujuzi hupokewa hivyo. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo, cha kupanga nyasi zilizofyekwa katika miraba, kuzifukia kwa udongo unaochimbwa katikati na kuacha mashimo yanayozuia mmomonyoko mlimani, hakikuenea kwa daftari. Kijana alishika jembe, mkubwa akamsahihisha palepale shambani.

Atakayenikumbusha kwamba chuo cha Kurani tunachokijua kilikuwa cha kukariri na bakora hakosei. Watoto wengi walihitimu juzuu bila kujua maana ya aya moja. Ila lawama hiyo ilitolewa kwanza na wanazuoni wenyewe. Mwaka 1377 Ibn Khaldun aliandika katika Mukadima kwamba ukali humvunja mtoto moyo na kumfundisha uongo, maana atasema lolote aepuke kipigo. Aliona pia wanafunzi wa Maghribi wakimaliza miaka 16 madrasani, kimya darasani, wakitoka hawawezi kujadili walichokisoma, ilhali Tunis miaka 5 ilitosha. Kwa hiyo mwenye kuitetea bakora asijifunike na jina la mapokeo. Mapokeo yalikwisha kumkataa.

Hoja nzito zaidi ni ya damu. Njia iliyoleta walimu ndiyo iliyopeleka watumwa kutoka nchi za Nyasa hadi Kilwa, na hakuna uzuri wa kitabu unaofuta hilo. Lazima lifundishwe bila kumumunya maneno. Hata hivyo elimu hiyo haikubaki mali ya mabwana. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa. Alisoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na hadi kufa kwake mwaka 1931 waungwana walikuja kukaa mbele yake wasome. Kigezo cha darsa kilikuwa ufahamu, na kigezo hicho kilimpa mtumwa nafasi ambayo jamii ilimnyima.

Wengine watauliza haya yanawahusu nini watu wa ziwani, ambao wengi wao ni Wakristo. Yanawahusu kwa kuwa ni mambo ya ufundishaji. Ghazali mwenyewe alichukua mantiki ya Wagiriki bila kuogopa asili yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka stadi zinazotumika, na mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kuzipima peke yake. Simu nayo sasa humpa mwanafunzi jibu asilojua limetoka kwa nani. Ukubwa wa madarasa si kisingizio cha kutosha, kwani chuoni wanafunzi wakubwa waliwasomesha wadogo, na mwalimu akawasikiliza wakubwa. Walimu wakuu wa Tingi, Liuli na Mbamba Bay watenge kipindi kimoja kwa wiki ambacho kila mwanafunzi, kwa zamu, atasimama kueleza alichosoma, amekipata wapi, na kujibu maswali ya wenzake. Bajeti haihitajiki, wala kibali cha wizara. Waanze muhula ujao.